Jani lililokauka bado ni jani

Mmenizoea kwa habari za barabara, bei ya unga na hali ya usalama. Leo habari yangu ni ya rangi. Najua kuna atakayesema mwandishi amekosa habari. Nawaomba mnisikilize hadi mwisho, hasa nyinyi mama na baba mliokimbia vita na mnaolea watoto wadogo. Jambo ninalolieleza hapa nusura litugharimu maisha ya mtoto, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Ilikuwa mwezi wa nane mwaka 2023. Magharibi mwa mji wa Goma, kwenye barabara ya kuelekea Sake, kambi zilikuwa zimejaa watu kutoka Masisi na Rutshuru. Vibanda vya bashi nyeupe vilisimama juu ya makoro meusi mpaka macho yanachoka. Klabu yetu ya wasikilizaji ilikuwa imepata projekta ya mtumba, na mara moja kwa juma tulikwenda kambini kuonyesha filamu fupi za afya: kunawa mikono, kipindupindu, chanjo. Watoto walifika wa kwanza na kukaa chini mbele kabisa, kisha mama zao, kisha wanaume waliosimama nyuma mikono kifuani, kama watu waliopita tu.

Jioni ile filamu ilikuwa ya bwaki. Ilifundisha namna ya kupima mkono wa mtoto kwa utepe wa rangi tatu. Wengi mnaujua. Unazungushwa kwenye mkono wa kushoto wa mtoto mwenye umri wa miezi 6 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, katikati ya bega na kiwiko. Ukisoma kijani, yaani sentimita 12,5 na kwenda juu, kipimo ni kizuri. Ukisoma manjano, kati ya 11,5 na 12,5, mtoto ameanza kupungukiwa na apelekwe kituo cha afya. Ukisoma nyekundu, chini ya 11,5, ni hatari, aende siku hiyohiyo. Baada ya filamu kila mama mwenye mtoto mdogo alipaswa kupewa utepe wake, apime mwenyewe nyumbani.

Filamu ilisema Kifaransa. Dada mmoja mhamasishaji wa afya, wale tunaowaita reko, alisimama pembeni akiwatazama watu na kutafsiri. Shuka lilikuwa nyuma yake.

Kulikuwa bado na mwanga wa jua. Tulitaka kumaliza mapema, maana barabara ile usiku haikuwa ya mtu. Shuka letu nalo halikuwa jeupe sawasawa, lilikuwa limeshaanza kuwa na rangi ya maziwa ya zamani. Picha ikatoka hafifu, watu nyuma wakalalamika kwamba hawaoni. Nikaanza kubonyeza vitufe vya projekta nikitafuta mwangaza, hadi nikafika kwenye hali iliyoandikwa kwamba ndiyo angavu kuliko zote. Picha ikang'aa. Watu wakapiga makofi, nami nikajisifu kimoyomoyo. Nikakaa kando ya jenereta nikaandika habari yangu ya kesho. Sikutazama tena shuka.

Karibu majuma matatu baadaye, reko yule akipita kibanda kwa kibanda alikuta mtoto wa kike wa mwaka mmoja na nusu ambaye mkono wake ulisoma 11,2. Ni nyekundu. Mama yake alikuwa na utepe, umefungwa vizuri kwenye pindo la kikwembe. Alikuwa anampima mtoto mara kwa mara, jinsi alivyofundishwa. Mtoto akapelekwa kituo cha afya akaanza matibabu.

Nilipata habari, nikaenda na kinasa sauti changu kutengeneza ripoti. Nilikuwa tayari na swali langu, lile ambalo sisi waandishi hulipenda: kwa nini mama alichelewa? Alinijibu kwa utulivu, mtoto akiwa amemlalia kifuani.

«Baba wa redio, mimi sikuchelewa. Nilipima kila siku ya soko. Utepe ulisoma rangi ile ya katikati. Lakini kwenye picha zenu rangi zilikuwa mbili tu, ya udongo na ya majani. Majani mabichi upande mmoja, majani makavu katikati. Dada alisema ya majani ni salama. Na jani lililokauka bado ni jani.»

Nilikaa kimya. Kinasa sauti kiliendelea kuzunguka bila sauti ya mtu. Ripoti ile sikuitoa.

Usiku huo nyumbani nilitazama filamu ileile kwenye simu yangu. Manjano ilikuwa manjano kabisa, kama limau lililoiva. Kesho yake nikawasha projekta ukutani katika hali ileile angavu, na pale nikaona alichokiona mama yule. Nyeupe iling'aa kama bashi mpya juani, lakini manjano ilikuwa imechafuka na kuwa ya kijani kilichokufa, na nyekundu ilikuwa matofali. Nikabonyeza kitufe, nikaweka hali iliyoandikwa sinema. Picha ikapungua mwangaza, na manjano ikarudi mahali pake. Mashine ileile, filamu ileile. Kilichobadilika ni kidole changu.

Nikaibeba mashine hadi kwa fundi mmoja wa Birere. Mtu huyu hazungumzi mengi. Aliifungua, akaelekeza kwa bisibisi.

«Tazama hapa, mukubwa. Taa yake ni nyeupe. Rangi zinatoka kwenye gurudumu hili.»

Lilikuwa gurudumu dogo la kioo, linaloenea kwenye kiganja, limegawanywa vipande kama chungwa. Kipande chekundu, cha kijani, cha bluu. Mashine ikiwaka linazunguka zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja, na mwanga wa taa unapita humo ukitoka mwekundu, wa kijani, wa bluu, kwa zamu. Kisha unaangukia kwenye kibao kidogo chenye vioo vya kujitazamia laki nyingi, kila kimoja chembamba kuliko unywele, ambavyo vinageuka huku na huku kuamua mwanga upi uende ukutani na upi ubaki ndani. Kibao hicho kilibuniwa na Mmarekani Larry Hornbeck mwaka 1987, na mwaka 2015 watu wa sinema wa Marekani walimpa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Macho yetu hayana mbio za kufuata zamu hizo. Yanazichanganya zote, tunaona picha moja.

Fundi akaniuliza: «Manjano unaiona wapi humu?» Nikatazama. Haipo. Manjano hupatikana nyekundu na kijani zikifika jichoni pamoja. Aliyezoea kuchanganya rangi za kupaka ukuta atabisha, kwa sababu kwenye ndoo nyekundu na kijani hutoa tope. Mwanga una sheria yake: nyekundu na kijani huzaa manjano, na zote tatu pamoja huzaa nyeupe.

Kisha akanionyesha kipande cha nne. Hicho hakikuwa na rangi yoyote, kilikuwa kioo kitupu. Kimewekwa ili mwanga mweupe wa taa upite wote bila kuchujwa, picha ing'ae zaidi. Hapo ndipo mtego ulipo. Sehemu nyeupe ya picha inapata mwanga wa vipande vyote vinne. Sehemu ya manjano inapata nyekundu na kijani tu, kwa zamu zao fupi. Kwa hiyo nyeupe inapanda juu, manjano inabaki chini. Na manjano iliyo hafifu karibu na nyeupe inayowaka, jicho haliiiti tena manjano. Linaiona kama majani makavu. Mama wa Masisi hakukosea hata kidogo. Alisema hasa kilichokuwa kwenye shuka.

Nikamwuliza fundi kwa nini watengenezaji wanafanya hivyo. Akacheka. «Kwenye katoni wanaandika namba ya mwangaza. Namba hiyo wanaipima kwenye nyeupe. Mnunuzi anatazama namba.» Baadaye nilisoma na kukuta ndivyo ilivyo. Mwangaza wa projekta hutajwa kwa lumeni, na kwa miaka mingi ulipimwa kwa picha nyeupe tupu. Mwaka 2012 wataalamu wa vioo na projekta walitoa kanuni za upimaji ambazo zina kipimo cha mwangaza wa rangi kando na ule wa nyeupe. Projekta mbili zinaweza kuwa na namba moja kwenye katoni, na moja ikawa inabeba rangi vizuri kuliko mwenzake.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za rangi kila intaneti inaporuhusu. Nimeona kwamba tangu mwanzo shida imekuwa ileile ya mafiga matatu: figa moja likiwa fupi, chungu kinainama.

Picha ya kwanza ya rangi iliyoonyeshwa ukutani kwa mwanga ilikuwa, amini usiamini, picha ya utepe. Ilikuwa London, tarehe 17 mwezi wa tano mwaka 1861. Mwanasayansi wa Uskoti James Clerk Maxwell alitaka kuonyesha kwamba rangi tatu zinatosha kutoa nyingine zote. Mpiga picha Thomas Sutton alipiga utepe wa kitambaa cha mistari mara tatu, kila mara kupitia maji yenye rangi: mekundu, ya kijani, ya bluu. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe. Kisha ziliwekwa kwenye taa tatu za kuonyeshea, kila moja na rangi yake, na mwanga wa zote tatu ukaelekezwa mahali pamoja. Utepe ukaonekana na rangi zake.

Lakini ndani yake kulikuwa na siri. Dawa ya picha ya wakati ule haikuona nyekundu kabisa. Miaka 100 baadaye, mwaka 1961, watafiti wa kampuni ya Kodak walieleza kilichotokea: kitambaa chekundu kilikuwa kinarudisha pia mwanga wa aina nyingine ambao jicho la mtu halioni, na dawa ya picha ikanasa huo. Nyekundu ya Maxwell ilitokea kwa bahati. Mtaalamu mkubwa alisimama mbele ya watu wasomi na picha yenye figa moja bovu, na hakuna aliyejua. Sisemi hivyo kujitetea. Nasema tu kwamba picha ikivutia, watu hupiga makofi, na makofi hayapimi ukweli wa rangi.

Televisheni za rangi nazo zilianza na nyekundu dhaifu. Unga uliopakwa ndani ya kioo ili utoe mwanga mwekundu haukuwa na nguvu kama ule wa kijani na wa bluu. Watengenezaji walilazimika kuzishusha rangi mbili zenye nguvu zisiizidi ile dhaifu, picha nzima ikawa na giza. Mwaka 1964 watafiti wa Marekani walipata unga mpya wenye madini yanayoitwa europiamu, ambao ulitoa nyekundu kali, na picha ikapata nguvu. Ukitafakari, walifanya kinyume cha kipande cha nne cha projekta yangu. Wao waliliinua figa fupi. Kipande kile kinamwaga mwanga mweupe juu ya mafiga yote na kuyaacha kama yalivyo.

Kwenye taa ndogo za LED figa lililokosekana lilikuwa la bluu. Taa nyekundu ya aina hiyo inayoonekana kwa macho ilipatikana mwaka 1962, na ya kijani haikuchelewa sana. Bluu yenye nguvu ilisubiri miaka 30 hivi. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliihangaikia wakati wengi walikuwa wameshakata tamaa, na mwaka 1993 taa ya bluu yenye nguvu ikatangazwa. Mwaka 2014 walipewa tuzo ya Nobel. Taa nyeupe za sola zilizowasha vibanda vyetu kambini zilitoka kwenye bluu hiyo, kwa sababu nyingi zao ni taa ya bluu iliyopakwa unga wa manjano. Na leo kuna projekta zinazotumia LED tatu, nyekundu, kijani na bluu, zikiwaka kwa zamu bila gurudumu la kioo.

Lakini hata ukipewa mashine bora kuliko zote, haitajua kama manjano unayoiona wewe ndiyo manjano iliyo mkononi mwa mama. Hilo linajulikana kwa njia moja tu: kuweka vitu viwili kando kwa kando na kuuliza.

Ndivyo tulivyofanya. Juma lililofuata tulirudi kambini. Safari hii tulisubiri giza liingie vizuri, na wenye nyumba jirani na barabara wakakubali tulale kwao. Mama mmoja wa klabu alikuwa amefua shuka kwa maji ya moto mpaka likawa jeupe. Niliweka hali ya sinema. Kabla ya filamu kuanza, reko aliinua utepe halisi kando ya picha ya utepe, nami nikaumulika kwa tochi nyeupe. Akauliza: «Hii ya katikati mnaiitaje?» Majibu yakaja kwa Kihunde, kwa Kinande, kwa Kinyarwanda, kwa Kimashi, watu wakicheka. Mzee mmoja alisema yeye haoni tofauti kati ya nyekundu na kijani tangu utotoni. Reko akamwonyesha namba zilizochapishwa kwenye utepe, akamwambia asome namba tu. Kumbe hata hilo tulikuwa hatujawahi kulifikiria.

Kisha nilisimama mbele nikasema wazi kwamba filamu ya mwezi uliopita ilionyeshwa vibaya na kwamba kosa lilikuwa langu. Nikaomba kila mama aliyeona «majani makavu» aje na mtoto wake. Walikuja mama wanne. Watoto wawili kati yao walisoma manjano.

Yule mama wa Masisi alikuwa amekaa karibu na mbele. Mtoto wake alikuwa ameanza kunenepa mashavu. Filamu ilipokwisha aliniita: «Baba wa redio, leo nimeona tatu.» Hakuongeza neno. Miezi miwili baadaye mtoto alisoma kijani, kijani cha kweli.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa na familia zikatawanyika. Wengine mmerudi kwenye vijiji ambako nyumba haipo tena, wengine mnakaa kwa ndugu, wengine mmekimbia mara nyingine. Tepe zile mlizibeba, nimeziona kwenye mizigo yenu. Kwa hiyo nawaachia haya machache.

Usiamue hali ya mtoto kwa picha ya utepe iliyotumwa kwenye simu. Simu nyingi zina hali ya usiku ambayo hupunguza bluu ili macho yasichoke, na kioo chote kikawa na umanjano. Rangi ya picha inabadilika pia kwa taa ya kibatari, kwa kioo kilichopasuka, kwa simu ya aliyepiga na simu ya aliyepokea. Piga picha inayoonyesha namba, au andika namba yenyewe.

Pima mchana, nje, penye mwanga. Soma rangi, kisha soma namba. Zikikutatiza, usijadiliane na jani: nenda kituo cha afya au kwa reko aliye karibu, uulize. Na mtoto ambaye miguu yake yote miwili imevimba apelekwe mara moja, hata kama utepe unasoma kijani.

Nyinyi mnaoonyesha filamu kanisani, shuleni au kwenye sinema za mtaa, tafuteni hali ya rangi kabla ya hali ya mwangaza. Subirini giza. Fueni shuka. Na picha ikishatoka, mwondoke kwenye jenereta mkakae katikati ya watu, mtazame wanachokitazama.

Projekta yetu bado ipo. Kwenye kitufe cha mwangaza nimebandika kipande cha utepe, upande wa manjano juu, ili kidole changu kikumbuke.

Ni mimi mwandishi wenu, Goma.